Ukijichoma Sindano Kazini: Mwongozo kwa Wahudumu wa Afya wa Mtwara na Lindi

Ilikuwa saa nane usiku, umeme umekatika, leba nzima inaonekana kwa mwanga wa simu mbili. Mama alikuwa amejifungua salama, mtoto analia vizuri, nami namalizia kushona msamba. Nikaweka sindano kwenye trei, nikageuka kuchukua pamba. Niliporudisha mkono, sindano ikapita glavu, ikaingia kidole gumba cha kushoto. Nilipovua glavu nikaona tone moja la damu, dogo kama kichwa cha njiti ya kiberiti. Nikatazama mlangoni kama kuna aliyeniona. Hapakuwa na mtu. Nikavaa glavu nyingine, nikaendelea na kazi, na sikumwambia yeyote kwa siku moja na nusu.

Sindano ilikuwa imeshaingia, hilo halikuwa la kurudisha. Lakini saa zile 36 zilikuwa mkononi mwangu, na nilizipoteza kwa aibu. Niliogopa kuambiwa mzembe. Niliogopa zaidi kwamba nikionekana natoka chumba cha CTC, kliniki ya wanaoishi na virusi vya UKIMWI, na kopo la dawa, kufika jioni mtaa mzima utakuwa umenihukumu. Kituo chenyewe sikitaji, kwa sababu nimeshayaona hayohayo katika vituo vingi, kuanzia pwani ya Kilwa hadi Nanyumbu.

Haya ninayoyaandika ni kwa kila anayegusa mgonjwa au anayegusa kilichotoka kwa mgonjwa: muuguzi, tabibu, mtu wa maabara, mwanafunzi aliye mafunzoni, kijana anayejitolea zahanati, mama anayefua mashuka, anayedeki, anayechoma taka, dereva wa ambulansi. Naanza na sindano kwa sababu hapo ndipo saa zinapohesabika. Mgongo, homa na mengine yatafuata.

Hatua ya kwanza: simama, osha

Ukichomwa, acha unachofanya. Kama mgonjwa yuko katika hali ya hatari, mathalani mama anatoka damu, mwite mwenzako kwa sauti: "Njoo ushike hapa, nimechomwa." Kama uko peke yako, na katika zahanati zetu usiku mara nyingi uko peke yako, fanya lile moja litakalomweka mgonjwa salama, kisha nenda kwenye maji. Usimalizie mengine.

Vua glavu. Osha palipochomwa kwa sabuni ya kawaida na maji yanayotiririka. Kama damu inatoka yenyewe, iache itoke. Usikamue kidole, usikinyonye, usikikate kukipanua. Usitie jiki wala spiriti. Najua wengi tulifundishwa na wakubwa wetu kukamua mpaka kidole kiwe cheupe, na tulifanya hivyo kwa nia njema. Kukamua hakutoi virusi. Kunaumiza nyama na kuvuta damu zaidi mahali pale pale. Jiki nayo huunguza ngozi, na ngozi iliyoungua ni mlango uliofunguliwa.

Damu au majimaji yakikurukia jichoni, inamisha kichwa upande wa jicho hilo, mwenzako akumiminie maji safi au dripu ya maji ya chumvi kwa dakika 15. Usisugue. Yakiingia mdomoni, tema, sukutua kwa maji mara kadhaa, usimeze.

Hapa kuna jambo la kwetu. Uwanda wa Makonde una shida ya maji ambayo kila aliyefanya kazi Newala au Tandahimba anaijua. Bomba la kituo linaweza kukauka siku nyingi. Kwa hiyo ndoo yenye koki, iliyojaa, yenye kipande cha sabuni kando, ikae leba na chumba cha sindano wakati wote, na mtu wa zamu aikague anapopokea zamu kama anavyokagua mtungi wa oksijeni. Pale pale pawe na chupa moja ya dripu ya maji ya chumvi iliyoandikwa kwa peni nene: MACHO.

Hatua ya pili: sema, saa hiyo hiyo

Hii ndiyo hatua niliyoiruka mimi, na ndiyo inayorukwa na wengi.

Mwambie kiongozi wa zamu au mganga mfawidhi, yaani mkuu wa kituo. Huhitaji maelezo marefu. "Dada, nimejichoma sindano ya mgonjwa wa kitanda namba nne, dakika kumi zilizopita, nimeshaosha." Sentensi hiyo inatosha kuanzisha kila kitu. Kama mfawidhi yuko nyumbani amelala, mpigie. Kama simu yake haipatikani, mpigie mratibu wa CTC au daktari wa zamu wa hospitali ya wilaya. Hakuna atakayekulaumu kwa kumwamsha mtu kwa jambo hili, na akikulaumu, lawama hiyo inapita. Ugonjwa hauna haraka ya kupita.

Sasa niseme na wewe unayeongoza. Mhudumu akija mbele yako na kidole chake, neno lako la kwanza lisiwe "Ilikuwaje?" Swali hilo lina wakati wake, nalo ni kesho. Neno la kwanza liwe "Pole, umeosha?" na la pili liwe "Twende." Niliyemwambia mimi hatimaye alikuwa mama mmoja mtu mzima, muuguzi wa siku nyingi. Aliacha chai yake mezani, akanishika mkono, tukaenda CTC kwa mlango wa nyuma. Hakuniuliza chochote mpaka nilipomeza kidonge. Tangu siku hiyo nimekuwa nikifanya hivyo kwa wadogo zangu kazini.

Na mfanya usafi akijichoma? Huyu ndiye anayesahaulika. Dada anayebeba mfuko wa taka akachomwa paja na sindano iliyochomoza, mara nyingi huambiwa ajifute aendelee. Yeye haki yake ni ile ile: maji, taarifa, dawa, karatasi. Yeye hajui hata mgonjwa ni nani, hivyo anahitaji kusaidiwa haraka zaidi.

Hatua ya tatu: PEP ndani ya saa 72, na bora ndani ya saa 2

PEP ni dawa za kinga anazopewa mtu aliyekwisha kuguswa na damu inayoweza kuwa na virusi vya UKIMWI. Humezwa kwa siku 28. Kikomo cha kuanza ni saa 72. Lakini saa 72 ni ukingo wa korongo. Kila saa inayopita virusi vinapata nafasi ya kujikita, na baada ya siku tatu dawa hazisaidii tena. Lenga saa mbili za mwanzo.

Usingoje majibu ya mgonjwa. Usingoje asubuhi. Usingoje mtaalamu arudi semina. Meza dozi ya kwanza, mengine yafuate. Majibu yakija na mtoa huduma akaona hakuna haja ya kuendelea, utaacha, na hutakuwa umepoteza kitu.

Dawa inayotumika kwa watu wazima wengi kwa sasa ni kidonge kimoja kwa siku chenye tenofovia, lamivudini na dolutegravia, kile kile wanachokiita TLD. Mwambie anayekupa dawa mambo haya bila kuficha: kama una mimba au unanyonyesha (haikuzuii kutumia PEP), kama una tatizo la figo, kama unatumia dawa za kifua kikuu, kwa sababu rifampisini hupunguza nguvu ya dolutegravia na dozi hubadilishwa, na kama umewahi kuambiwa una homa ya ini B. Hilo la mwisho lina uzito. Tenofovia na lamivudini hupigana pia na virusi vya homa ya ini B, na mwenye virusi hivyo akiziacha ghafla baada ya siku 28 ini lake linaweza kuwaka. Ndiyo maana kipimo cha homa ya ini B huchukuliwa mwanzoni.

Wajawazito wanaomeza vidonge vya kuongeza damu, na mtu yeyote anayetumia dawa za kutuliza asidi tumboni, watenganishe saa: dolutegravia kwanza, hizo nyingine baada ya saa 2 au zaidi. Ukizichanganya tumboni kwa wakati mmoja, dawa ya kinga haifyonzwi vizuri.

Siku za mwanzo unaweza kupata kichefuchefu, kichwa kuuma au usingizi kuruka. Usingizi ukiruka, hamishia kidonge asubuhi. Usiache kumeza kwa sababu ya kichefuchefu bila kumwambia mtu. Rudi useme, utasaidiwa.

Sasa suala la ufunguo. Katika vituo vingi dawa za CTC zimo kabatini, kabati limefungwa, na ufunguo uko kwa mtu mmoja aliyekwenda nyumbani saa tisa na nusu alasiri. Sindano haziheshimu saa za kazi. Kaeni kikao na mfamasia au mratibu wa CTC, mkubaliane dozi za kuanzia za siku tatu zikae mahali pa zamu ya usiku, kwenye boksi lililofungwa kwa utepe, na rejesta yake pembeni. Atakayelifungua anaandika jina na saa. Kesho yake dozi zinarudishwa.

Kwa aliye zahanati ya mbali isiyo na dawa hizi, mpango wa usafiri upangwe kabla. Ni bodaboda gani anakubali kutoka usiku? Kituo cha afya cha karibu ni kipi, na kijia gani hupitika masika? Mvua zetu huanza Novemba au Desemba hadi Aprili, na wakati mwingine hupitiliza. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipopiga, barabara kuu ya Lindi na Dar es Salaam ilikatika eneo la Somanga, na magari yalikwama siku kadhaa. Barabara kuu ikikatika, ya kwenda kijijini kwenu itakuwaje? Omba dozi za kuanzia ziletwe kituoni kwako kabla mawingu hayajakusanyika.

Hatua ya nne: vipimo, chako na cha mgonjwa

Upimwe siku hiyo hiyo VVU, homa ya ini B na, pale kipimo kilipo, homa ya ini C. Watu wengi hukataa hapa. Wanasema, "Nikikutwa ninao tayari?" Ukikutwa nao, utaanza matibabu mapema, jambo ambalo lingekufaa hata bila sindano hii. Ukikutwa huna, umeshika ushahidi mkubwa kuliko wote kwamba kama jambo lolote likitokea baadaye, limetoka kazini. Nitalirudia hili kwenye karatasi za fidia.

Mgonjwa naye aombwe kupimwa, na kuombwa maana yake ni kuombwa. Asipimwe kwa siri kwa kutumia damu iliyobaki kwenye chupa. Na aliyechomwa asiende yeye kumwomba, aende mwenzake, kwa utulivu, faragha: "Mama, wakati tunakuhudumia mwenzetu amejichoma kwa sindano iliyokuwa na damu yako. Si kosa lako. Tunaomba ruhusa tupime damu yako ili tujue namna ya kumkinga. Majibu ni siri yako, nawe utapewa." Karibu wote hukubali wakielezwa hivyo. Akikataa, mhudumu anatibiwa kama vile chanzo hakijulikani.

Hatari ni kubwa kiasi gani? Ukichomwa na sindano yenye damu ya mtu mwenye VVU ambaye hatumii dawa, uwezekano wa kuambukizwa ni takriban 3 katika kila 1,000. Damu ikikurukia jichoni au mdomoni, ni chini ya 1 katika 1,000. Sindano yenye tundu iliyotoka kwenye mshipa ni hatari kuliko ya kushonea, na kuchomeka kwa kina ni hatari kuliko mkwaruzo. Mgonjwa anayemeza ARV vizuri na virusi vyake vimefubaa, hatari inashuka sana.

Homa ya ini B ndiyo ya kuogopwa na wasiochanjwa: uwezekano ni kati ya 6 na 30 katika kila 100. Virusi vyake hukaa hai kwenye damu iliyokauka hadi siku 7. Ile sindano iliyosahaulika chini ya godoro tangu Jumatatu bado ina nguvu Ijumaa. Kama hukuchanjwa, chanjo ianze siku hiyo hiyo, ikiwezekana ndani ya saa 24.

Hatua ya tano: andika

Karatasi ndiyo itakayokusemea miezi ijayo, wakati mfawidhi amehamishwa na shahidi wako amerudi chuoni. Usiache zamu bila kuandika kwenye rejesta ya matukio. Kama kituo hakina rejesta hiyo, daftari la kawaida lenye kurasa zenye namba linafaa. Andika hivi, kama ambavyo ningeandika mimi usiku ule laiti nisingeficha:

"Tarehe 14, saa 8:20 usiku, wodi ya wazazi. Nilikuwa nashona msamba, umeme umekatika. Sindano ya kushonea iliyokuwa kwenye trei ilinichoma kidole gumba cha kushoto kupitia glavu moja. Damu kidogo ilitoka. Niliosha kwa sabuni na maji. Nilitoa taarifa kwa muuguzi wa zamu saa 8:30. Dozi ya kwanza ya PEP saa 9:15. Nimepimwa VVU na homa ya ini B kabla ya dozi." Kisha jina lako, saini, na saini ya uliyemwambia.

Jina la mgonjwa usiliandike humo. Andika namba ya faili. Piga picha ukurasa kwa simu yako na uitunze.

Sasa fidia. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi, Sura ya 263, ilianzisha Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Waajiri wa Tanzania Bara, wa serikali na wa binafsi, walianza kuchangia Julai 2015, na mafao yakaanza kulipwa Julai 2016. Mchango huo hulipwa na mwajiri peke yake. Ukiona umekatwa kwenye mshahara wako, uliza.

Wewe unatoa taarifa kwa mwajiri wako mapema iwezekanavyo, na nakushauri iwe kwa maandishi, nakala ibaki kwako ikiwa na muhuri wa kupokelewa. Mwajiri anapaswa kuujulisha Mfuko ndani ya siku 7 tangu apate taarifa ya ajali. Madai yenyewe yawasilishwe ndani ya miezi 12. Fuatilia mwenyewe. Karatasi yako inaweza kulala kwenye trei ya mtu wa utumishi aliye likizo, na miezi 12 ikaisha bila mtu kuwa na nia mbaya nawe.

Mfuko hugharimia matibabu. Ukishindwa kufanya kazi kwa muda, hulipwa asilimia 70 ya mshahara, kwa kipindi kisichozidi miezi 24. Kuna mafao ya ulemavu wa kudumu, ya utengamao, na ya wategemezi kama mfanyakazi atafariki. Orodha ya magonjwa yatokanayo na kazi ya Shirika la Kazi Duniani, iliyorekebishwa 2010, inataja virusi vya homa ya ini, VVU na kifua kikuu. Hapo ndipo kile kipimo cha siku ya kwanza kinapofanya kazi: ulikuwa huna, ukachomwa tarehe fulani ikaandikwa, kisha ukakutwa nao. Mnyororo huo ukikatika sehemu moja, kudai kunakuwa kugumu mno.

Vijana wanaojitolea, hili linawahusu moja kwa moja. Sheria inamtazama mwenye mkataba wa ajira au uanagenzi. Ukiwa unajitolea kwa makubaliano ya mdomo, msimamo wako ni dhaifu, nami linaniuma kwa sababu ninyi ndio mnaobeba zahanati nyingi za kusini. Omba mkataba wa maandishi kabla ya kushika sindano, hata kama posho ni ndogo. Na ukijichoma bila mkataba, bado PEP ni haki yako, na bado andika.

Hatua ya sita: siku 28 na baada yake

Weka kengele ya simu. Kidonge saa ile ile kila siku. Kama unakaa nyumba ya kupanga yenye macho mengi, hamishia vidonge kwenye kichupa kingine, lakini andika humo jina la dawa na tarehe.

Mwenzi wako ajue. Mimi nilimwambia mume wangu usiku wa pili, tukiwa tumekaa barazani watoto wamelala. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno makali. Akaniuliza tu kidole kinauma? Mpaka vipimo vikamilike tumieni kondomu, usichangie damu, na kama unanyonyesha zungumza na mtoa huduma kuhusu mtoto. Vipimo vya kurudia ni wiki ya 6, mwezi wa 3, na mwezi wa 6. Ukipata homa, tezi kuvimba au upele katikati ya hapo, usingoje tarehe.

Na hofu itakuja. Kuna usiku utaamka saa tisa ukahesabu. Tafuta mtu mmoja wa kazini wa kumwambia "leo nimeamkia vibaya." Mshauri nasaha wa CTC yupo pia kwa ajili yako.

Mgongo

Sindano huchoma siku moja; mgongo huharibika kidogo kidogo mpaka siku unashindwa kuinuka kitandani. Wodi zetu hazina mashine za kunyanyulia watu. Kuna mikono yako, na kuna vitenge, na kitenge ni kifaa kizuri kuliko tunavyokitumia.

Kumhamisha mgonjwa asiyejiweza kutoka machela kwenda kitandani, sogeza machela igusane na kitanda, funga breki, au mtu asimame kuizuia kama breki imekufa. Mgeuze mgonjwa ubavu, ingiza kitenge imara kilichokunjwa mara mbili toka mabegani hadi mapajani, mrudishe chali, vuta upande wa pili utokeze. Watu wanne, wawili kila upande, mnakunja kingo za kitenge mpaka ngumi zenu zinakaribia mwili wake. Magoti yamekunjwa kidogo, mguu mmoja mbele. Mmoja tu anahesabu. Kwenye tatu mnamtelezesha; hamumnyanyui juu. Ndugu wa mgonjwa wakisaidia, waelezeni kwanza nani anahesabu, la sivyo mmoja atavuta mapema na uzito wote utakuangukia wewe.

Mgonjwa akianza kuanguka ukiwa unamtembeza, usijaribu kumzuia asianguke. Mkaribie, tanua miguu, mwache ateleze kwenye paja lako mpaka sakafuni taratibu huku ukilinda kichwa chake.

Mgongo ukishtuka, toa taarifa na andika kama ilivyo kwa sindano, maana hii nayo ni ajali ya kazini. Usijilaze kitandani wiki nzima; tembea kidogo kidogo. Lakini miguu ikifa ganzi, ukihisi ganzi sehemu za siri, au mkojo ukigoma, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Homa isiyo na jina

Julai 2022, huko Mbekenyera wilayani Ruangwa, walianza kufika wagonjwa wenye homa, kichwa kuuma, uchovu na damu kutoka puani. Vipimo vya Ebola na Marburg havikuonesha kitu. Baadaye Wizara ya Afya ikatangaza kuwa ni homa ya mgunda, inayoenezwa na mkojo wa wanyama. Wagonjwa walikuwa 20, na watatu walifariki. Na ni kwenye uwanda wetu huuhuu wa Makonde ambako mlipuko wa 1952 uliipa dunia jina chikungunya, neno la Kimakonde. Magonjwa hufika kwetu kabla ya majina yao, na anayeyapokea kwanza ni mhudumu wa zahanati.

Kwa hiyo, mgonjwa yeyote mwenye homa na kutokwa damu: glavu, barakoa, kinga ya macho na aproni kabla ya kumgusa, mtenge na wengine, piga simu kwa Mganga Mkuu wa wilaya, na andika majina ya kila aliyemhudumia. Mgonjwa anayekohoa zaidi ya wiki mbili, mpe barakoa, mkae karibu na dirisha lililo wazi, na usimwache apange foleni ndefu ukumbini. Ukianza kukohoa wewe, pima makohozi. Usijitibu kwa antibiotiki za dukani.

Ukipigwa au ukitishwa na ndugu wa mgonjwa, hiyo nayo ni ajali ya kazini. Ondoka eneo hilo, ita mlinzi, chukua fomu namba 3 ya polisi kama umejeruhiwa, andika kwenye rejesta ile ile.

Kabla halijatokea

Usirudishe kifuniko kwenye sindano iliyotumika. Kama ni lazima kabisa, laza kifuniko mezani, kiingize sindano kwa mkono mmoja, mkono wa pili uwe nyuma ya mgongo. Sefti boksi, lile boksi la kutupia sindano zilizotumika, iende na wewe kitandani kwa mgonjwa; isikae kona ya mbali ukawa unaifuata na sindano mkononi. Ikijaa robo tatu, ifungwe, isibinywe kwa mguu wala kutikiswa ipate nafasi. Anayechoma sindano ndiye anayeitupa, hamwachii mwingine kwenye trei. Wakati wa kushona, sindano irudi kwenye kishikio chake au kwenye bakuli maalumu, na useme kwa sauti "sindano chini." Hili lingeniokoa. Kurunzi ya kichwani nayo ingeniokoa, na bei yake haizidi uwezo wa kituo.

Damu ikimwagika, ifunike kwa kitambaa, mimina mchanganyiko wa jiki, subiri dakika 10, kisha futa ukiwa na glavu nene. Kama chupa imeandikwa asilimia 3.5, kipimo ni kikombe kimoja cha jiki kwa vikombe sita vya maji, na unachanganya upya kila siku. Anayechoma taka apewe buti za mpira na glavu nzito.

Chanjo ya homa ya ini B ni dozi tatu: leo, baada ya mwezi 1, na mwezi wa 6. Wengi wetu tulizaliwa kabla haijaingizwa kwenye chanjo za watoto, na tumefanya kazi miaka bila hiyo. Waombe uongozi wachanje wote kwa pamoja, wafanya usafi wakiwemo, na kadi zitunzwe kwenye mafaili.

Kisha chukua karatasi moja, andika kwa peni nene: OSHA. SEMA. MEZA NDANI YA SAA 2. ANDIKA. Chini yake namba ya mganga mfawidhi, ya mratibu wa CTC, ya dereva au bodaboda wa usiku, na mahali lilipo boksi la dozi za kuanzia. Ibandike juu ya ndoo ya kunawia, mahali ambapo mtu aliyetoka kuchomwa atakuwa amesimama akiosha kidole.